Toba si kitubio: ugomvi wa Kilatini ulivyoingia katika Kiswahili chetu

Msomaji mmoja wa safu hii anayeishi Rabai ameniletea swali fupi lenye mkia mrefu. Yeye ni Mkatoliki, mkewe ni Mwanglikana. Nyumbani mume husema "kitubio", mke husema "toba", na kijana wao aliye shule ya upili amewatuliza kwa kuwaambia kuwa hayo ni visawe tu, hakuna haja ya kusumbuana. Je, kijana kasema kweli?

Kamusi nyingi zingemtetea kijana. Mimi simtetei. Visawe ni maneno yanayoweza kupokezana nafasi katika sentensi pasi na kitu kupotea, na hapa kinachopotea ni karne tano za mabishano. Tena Rabai ni mahali panapofaa hasa kuulizia jambo hili, kwa kuwa mabishano hayo yalipanda kilima hicho mapema kuliko kwingi katika bara la Kenya.

Tuanze na umbo la maneno. "Toba" ni mkopo wa Kiarabu, na asili yake ni wazo la kurejea. Neno hili lilikuwa limeshaota mizizi pwani kabla ya mmishonari yeyote kutia nanga. "Kitubio" limeundwa kutokana na kitenzi cha jamii hiyohiyo: tubu, tubia, kitubio. Ni njia ileile iliyotupa futa, futia, kifutio. Au chuja, chujia, kichujio. Umbo hili kwa kawaida hutaja ala, yaani kile ambacho kazi hufanywa kwacho. Kifutio ni cha kufutia. Kichujio ni cha kuchujia. Kitubio, basi, ni cha kutubia. Toba ni jambo linalompata mtu moyoni. Kitubio ni chombo, na chombo kina mwenye kukishika. Mkatoliki anapotaja Sakramenti ya Kitubio, ndani ya neno lenyewe mna padri. Mwanglikana anayesema toba hajamtaja mtu mwingine isipokuwa yeye na Mola wake.

Sasa tuone ugomvi wenyewe. Injili ziliandikwa kwa Kigiriki, na wito wa Yohana Mbatizaji umo katika kitenzi kimoja, metanoein, ambacho kwa karibu ni kubadili nia. Biblia ya Kilatini iliyofungamana na jina la Jeromu, iliyoanza kutayarishwa mwishoni mwa karne ya 4, iliutoa wito huo kwa maneno mawili: kitenzi cha "kufanya" na nomino paenitentia. Miaka ikapita, nomino hiyo ikawa pia jina la sakramenti: kuungama, kupewa malipizi, kuondolewa dhambi. Kwa hiyo msomaji wa Kilatini aliyeambiwa "afanye" paenitentia alisikia anaitwa kwa padri. Mwaka 1516 Erasmus akachapisha Agano Jipya la Kigiriki pamoja na Kilatini chake mwenyewe kando, na wasomi wakaanza kupima neno moja baada ya jingine. Mwaka uliofuata Martin Luther akatoa hoja zake 95. Watu wengi hukumbuka kuwa zilihusu biashara ya rehema. Ni kweli, lakini hoja mbili za kwanza ni za maana ya neno hili: kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba, na kwamba neno hilo haliwezi kuchukuliwa kuwa ni ile sakramenti inayosimamiwa na mapadri.

Sisemi Kanisa la Magharibi lilipasuka kwa sababu ya kamusi. Palikuwa na pesa, palikuwa na wafalme. Nasema tu kuwa mume na mke wa Rabai hawagombani bure.

Roma ilijibu katika Mtaguso wa Trento. (Hilo nalo, "mtaguso", ni neno la Kikatoliki, Mprotestanti atakuambia "baraza" au "mkutano mkuu".) Mwaka 1546 mtaguso huo uliamua kuwa Biblia ya Kilatini ndiyo ya kutegemewa katika mahubiri na mijadala ya hadhara, na kuwa kazi ya kuamua maana ya kweli ya Maandiko ni ya Kanisa. Mwaka 1562 ukasema kuwa haifai Misa kusomwa kila mahali kwa lugha za watu, ukawalaani wanaodai kuwa lazima isomwe kwa lugha hizo tu. Lakini katika kikao hichohicho uliwaagiza wachungaji wa roho waieleze Misa kwa waumini mara kwa mara. Watetezi wa Uprotestanti hupenda kulisahau agizo hilo. Waanglikana kwa upande wao waliandika, katika Kifungu cha 24 cha zile Kanuni 39, kuwa kusali kanisani kwa lugha ambayo watu hawaielewi ni kinyume cha Neno la Mungu.

Kilatini kilikuwa kimeshafika pwani yetu wakati huo. Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Waaugustino walifungua nyumba yao Mombasa mwaka 1597, miaka michache baada ya ujenzi wa Fort Jesus kuanza. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Kikristo Goa kwa jina la Dom Jerónimo, aliwageukia Wareno na Ukristo huo ukapata pigo kubwa. Kilichobaki kinywani mwetu ni kidogo na cha kuchekesha. "Padri" tunaye. Na "gereza", ambalo wanaisimu wengi hulitoa katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa, igreja. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, ngome baadaye ikawa ya kufungia watu, na leo tukimwambia mtu ameingia gerezani hatumaanishi kuwa kaenda kusali. Hiyo ndiyo hatima ya neno la ibada lisiloelezwa: watu wataona kuta na kuzipa maana wenyewe.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Alikuwa Mjerumani wa malezi ya Kilutheri katika utumishi wa jumuiya ya Waanglikana, Church Missionary Society. Mwaka huohuo alimzika mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Miaka miwili baadaye, Agosti 1846, yeye na Johannes Rebmann walifungua kituo chao Rabai Mpia. Kabla hajapanda huko, akiwa bado kisiwani, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na sura zake tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa, kama Krapf anavyoliandika jina lake, kadhi.

Ningependa tusimame hapo, kwa sababu mengi yamefichwa katika hilo tendo moja. Kwanza, sura ya tatu ya Mwanzo ina mstari mmoja ambao Wakatoliki na Waprotestanti wameuvuta huku na huku kama kamba ya mashua. Ni ule wa nyoka kupondwa kichwa. Nani atamponda? Katika Kiebrania, kiwakilishi kinarejelea uzao wa mwanamke. Biblia ya Kilatini iliyotumiwa na Roma ilikuwa na kiwakilishi cha kike, ipsa, kwa hiyo aliyeponda ni mwanamke, na Wakatoliki wakamwona Maria. Ndiyo maana sanamu zake nyingi zina nyoka chini ya mguu. Mwaka 1854, Papa Pius IX alipotangaza kuwa Maria alikingiwa dhambi ya asili, mstari huo ulikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Waprotestanti walisema hilo ni kosa la Kilatini, na Kilatini kipya cha Vatikani cha mwaka 1979 chenyewe kimeiacha ipsa.

Kiswahili, ambacho hakikualikwa katika ugomvi huo, kina viwakilishi visivyojua mume wala mke. "Yeye atakuponda" ingewaridhisha wote: Mkatoliki angesikia Maria, Mprotestanti angesikia Kristo, nao wangekwenda nyumbani wakiwa marafiki. Lakini uzao si wa ngeli ya A-WA. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, inayosomwa na wengi hadi leo, inatumia "huo", kiwakilishi cha uzao. Mlango wa Maria ukafungwa na upatanisho wa kisarufi. Mtafsiri anaweza kutuambia kuwa hakufasiri, ametafsiri tu. Hebu! Kuchagua kati ya "yeye" na "huo" ni kufasiri.

Hapo ndipo ninapotofautiana na sifa ambazo Krapf humwagiwa katika vitabu vya shule. Tunaambiwa kuwa Roma iliwanyima watu Maandiko kwa kuyafungia katika Kilatini, Rabai ikawapa kwa lugha yao ili kila mtu ajisomee na kuelewa mwenyewe. Nusu ya kwanza inahitaji kupunguzwa ukali. Nusu ya pili inahitaji kuulizwa maswali. Anayesoma tafsiri husoma alichoamuliwa na mtafsiri. Roma ilihofia kuwa kila lugha mpya ingeleta mafundisho mapya, nasi tumeona kiwakilishi kimoja kikifanya kazi hiyo. Sioni kuwa hofu hiyo ilikuwa ujinga. Nadhani walichokosea ni dawa: waliitibu kwa kuwaacha watu wakisikia sauti tu.

Pili, huyo kadhi. Waprotestanti waliokataa lugha ya makasisi wa Roma walipata wapi maneno yao ya Kiswahili? Sala, imani, dhambi, malaika, nabii, injili, sadaka, rehema, toba. Yote yalikuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani, mengi yakiwa yametoka katika Kiarabu cha dini. Wakatoliki walipokuja tena, wakianzia Zanzibar mwaka 1860 na Bagamoyo mwaka 1868, nao waliyatumia hayo, lakini pale mafundisho yalipobana walichota Kilatini: misa, sakramenti, altare, hostia, ekaristi, komunyo, rozari. Mprotestanti akawa na Meza ya Bwana na Ushirika Mtakatifu. (Asijivune sana. "Meza" ni ya Kireno, na Wareno waliirithi kwa Kilatini.) Kwa hiyo ukisikiliza watu wawili wakizungumza habari za ibada, huhitaji kuwauliza madhehebu yao. Yosefu ni wa parokia. Yusufu ni wa Biblia ya Muungano. Noeli ilikuja na mapadri Wafaransa. Krismasi ilikuja na Waingereza.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, ni herufi. Krapf alijua vizuri kuwa Kiswahili kilikuwa na maandishi yake. Yeye mwenyewe alipeleka Ujerumani miswada ya tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hata hivyo, katika sarufi yake iliyochapishwa Tübingen mwaka 1850 alitetea herufi za Kilatini, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba hati za Kiarabu zingeufungulia Uislamu njia. Tuangalie mambo yalivyokuwa. Mswahili wa Mvita aliyejua kusoma wakati huo alisoma hati za Kiarabu. Mtu aliyeamini kuwa Maandiko lazima yawekwe mikononi mwa watu akayaandika kwa herufi ambazo wasomi wa mji ule hawakuzisoma. Aliyekikataa Kilatini cha Misa ndiye aliyetuzoeza abjadi ya Kilatini, nasi tunaandika kwayo hadi leo, mimi hapa nikiwa mmojawapo. Sisemi tuiache. Nasema hoja ya "lugha inayoeleweka" ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo uliwekwa na hofu ya dini nyingine. Trento nayo iliongozwa na hofu.

Krapf akiwa Rabai alifanya jambo jingine linalostahili heshima zaidi kuliko tunavyoipa. Kiswahili hakikuwa lugha ya kilima kile. Warabai wana lugha yao, mojawapo ya zile tisa za Wamijikenda, ambayo wakati huo wageni waliiita Kinika. Akaacha kujitosheleza na Kiswahili, akatafsiri Injili ya Luka kwa lugha hiyo, ikachapishwa Bombay mwaka 1848. Fikiria hesabu hiyo: kitabu kilichopigwa chapa ng'ambo ya bahari kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamejifunza kusoma, na Wakristo waliokuwapo Rabai ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Hiyo ndiyo maana halisi ya Kifungu cha 24, kikitekelezwa bila kusita.

Luka, tena, ndiye anayetuletea salamu ya malaika kwa Maria, na hapo pana fundo jingine. Kitenzi cha Kigiriki katika salamu hiyo kiko katika hali ya kutendwa: mwanamke ametendewa neema. Kilatini kilisema amejaa neema. Sala ya Wakatoliki kwa Kiswahili hufuata Kilatini, hutumia kitenzi -jaa. Biblia ya Muungano hutumia -pewa. Tazama sarufi inavyofanya kazi. Mtungi uliojaa hatuulizi nani kaujaza, na unaweza kuwamiminia wengine. Aliyepewa ana mpaji, na macho yetu humwendea mpaji huyo. Katika vitenzi hivyo viwili mna tofauti nzima ya iwapo tumwombe Maria atuombee au tusimwombe. Kiswahili kina cha tatu, -jaliwa, ambacho kila mama wa pwani hukitumia akizungumzia mtoto au riziki. Aliyejaliwa amepewa, lakini kwa wingi na kwa upendeleo. Kwangu mimi hicho ndicho Kiswahili safi zaidi cha kile Kigiriki, na hakina chama.

Haki itendeke kwa Wakatoliki pia. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kurudi kwao, Misa ilisomwa kwa Kilatini, lakini mahubiri na katekisimu vilikuwa kwa Kiswahili. Mtu wa pwani hakuushangaa mpangilio huo. Jirani yake Mwislamu husali kwa Kiarabu na kufasiriwa Kurani kwa Kiswahili darasani; ibada ina lugha yake, mafunzo yana lugha yake. Tena ni kutoka kanisa hilo la Kilatini ndipo alipotokea Charles Sacleux, padri wa Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Zanzibar, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka kati ya 1939 na 1941 inazitenganisha lahaja zetu kwa uangalifu ambao kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, pamoja na utajiri wake wote wa Kimvita, haiufikii. Kusali kwa Kilatini hakukumzuia kusikiliza.

Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulizifungulia lugha za watu mlango wa Misa. Haukukipiga marufuku Kilatini, ingawa wengi husimulia hivyo. Ulisema kihifadhiwe, lugha za watu zipewe nafasi pana zaidi. Nafasi hiyo ikamezwa na Kiswahili chote. Hati nyingine ya Novemba 1965 ikahimiza waumini wote wasome Maandiko, na miaka iliyofuata Wakatoliki na Waprotestanti wakakaa meza moja kutafsiri Biblia Habari Njema. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kuwa Wakatoliki hawaruhusiwi kusoma Biblia, mwambie habari zake zimechelewa.

Lakini turudi kilimani, kwa maana sijamaliza na Rabai. Luka wa mwaka 1848 alikuwa wa Kirabai. Kisha Rabai ikabadilika. Wakaja Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, akiwamo William Jones. Wakaja watoro wa mashamba ya pwani, watu wa asili za mbali waliohitaji lugha moja ya kusikilizana. Mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro takriban 1,400 katika vituo vya misheni, Rabai kikiwa kikubwa miongoni mwavyo, walipewa hati za uhuru baada ya waliowamiliki kulipwa. Katika mji wa namna hiyo Kiswahili hakikulazimishwa na mtu, kilihitajika. Nacho kikapanda madhabahuni, Kirabai kikabaki uani.

Leo Warabai walio wengi hufahamu ibada ya Kiswahili, kwa hiyo ukikisoma Kifungu cha 24 kwa herufi zake, hakijavunjwa. Je, yatosha? Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya kusema kwa lugha, hakupima kuelewa peke yake. Alipima kama msikilizaji anajengwa. Wapo wazee wanaosikiliza Kiswahili cha kanisani kwa heshima ileile ambayo wakulima wa Ulaya walikisikiliza nayo Kilatini, kama lugha ya wakubwa, iliyonyooshwa kuliko ya nyumbani. Wakisikia "Mungu" wanaelewa. Wakipatwa na jambo usiku wanasema "Mulungu". Na huko msituni, katika kaya, mzee akiomba mvua haombi kwa Kiswahili, wala hajawahi kuulizwa na mtaguso wowote kwa nini.